Sura ya Tisa: Bibi Alitazama Pembeni

Siku ya nne mahabusu, Kijiti alikuwa bado hajatoa neno la kumsaidia. Hakukana, hakukiri. Ukimuuliza umri alijibu, ukimuuliza anakoishi alijibu, ukimuuliza kwa nini kamera ya marehemu ilikutwa chini ya kitanda chake, alitazama sakafu kana kwamba ameulizwa mtu mwingine. Askari wa zamu walikwisha kumchoka. Mkuu wa kituo alikwisha kuamua: kesho saa tatu asubuhi mzee apandishwe kizimbani kwa kosa la mauaji, na kosa hilo halina dhamana.

Inspekta alivuta kiti akaketi mbele yake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye tabia ya kuchonga penseli kwa wembe kila anapofikiri, tabia iliyowaudhi wenzake kwa sababu vumbi la penseli liliishia kwenye chai zao. Alifungua faili akayapitia upya yale yaliyokuwa wazi. Mpiga picha, mzee wa miaka sitini na minne, alikuwa ametumia miaka kumi na mmoja kupiga nyuso za sokwe wa porini, uso mmoja mmoja, kwa karibu kiasi kwamba ungeweza kuhesabu kope. Kijiti ndiye aliyekuwa mfuata nyayo wake: kila walikolala sokwe, yeye alipajua kabla jua halijapanda. Alhamisi tarehe kumi na sita mpiga picha alikutwa chini ya korongo, kichwa kimepasuka kwenye jiwe. Aliyewapeleka walinzi wa msitu kwenye maiti ni Kijiti mwenyewe. Na siku tatu kabla ya hapo, mpishi wa kambi aliwasikia wawili hao wakigombana hadi sufuria akaisahau ikaungua.

"Mzee wangu, uligombana naye?"

"Tuligombana."

"Kwa sababu gani?"

Kijiti aliendelea kutazama sakafu.

"Mpishi anasema ulimwambia, ukirudi kule nitakuzuia kwa mikono yangu hii."

"Nilisema."

"Ukamzuia?"

Kijiti aliinua macho kwa mara ya kwanza. Yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala. "Ningemzuia, Afande, leo angekuwa hai."

Inspekta aliyaandika maneno hayo kama yalivyo. Alijaribu kuyafuata kwa maswali mengine kumi, akaambulia patupu. Mwisho akamsomea orodha ya vitu alivyokutwa navyo mwilini siku ya kukamatwa, kama sheria inavyotaka: mkanda mmoja, kitambaa cha jasho, kitana, kiberiti kimoja, viatu jozi moja. Mzee alitikisa kichwa kukubali, akatia dole gumba chini ya karatasi.

Kutoka hapo Inspekta alikwenda nyumbani kwa marehemu. Chumba cha mbele kilikuwa kikubwa, na hakikuwa na kiti cha mgeni hata kimoja, maana kuta zote nne zilikuwa nyuso na marehemu hakutaka mtu aegemee. Dume mwenye sikio lililochanika. Kijana aliyeng'ata mdomo wa chini kama mtoto anayefanya hesabu ngumu. Na katikati, jike mzee mwenye mvi kidevuni, aliyepigwa picha mara nyingi kuliko wote.

Binti wa marehemu, mwalimu wa shule ya msingi kutoka mjini, alisimama nyuma yake akiwa amejifunga kanga mbili. Alikuwa mtoto pekee. Macho yake yalikuwa makavu, na makavu ya namna hiyo humtia mtu wasiwasi kuliko machozi.

"Huyo ni Bibi," alisema. "Baba alikuwa na picha zake nyingi kuliko zangu." Alisema bila wivu, au wivu wenyewe alikwisha kuuzoea.

Inspekta alimwomba amweleze baba yake alivyokuwa akifanya kazi, na binti akaeleza vizuri, kama anavyoeleza darasani. Hatua kumi, usisogee zaidi ya hapo hata sokwe akikuita. Barakoa usoni muda wote, maana mafua yetu sisi, ambayo tunayatibu kwa chai na blanketi, yakiwaingia wao yanafagia ukoo mzima. Mwenye kikohozi haingii msituni siku kumi na nne. Halafu marehemu hulala kifudifudi, lenzi iwe sawa na macho ya sokwe. Alikuwa akisema ukimpiga mtu picha kutoka juu, umemdharau.

"Na wote wanatazama kamera," Inspekta alisema.

"Hawatazami kamera. Wanamtazama Baba. Walimzoea yeye na yule mwingine. Mgeni wanampa mgongo."

Yule mwingine alikuwa Kijiti, ambaye binti tangu ana miaka kumi na tisa alimwita Baba Mdogo na kumpelekea sabuni na sukari kila likizo. Sasa jina hilo lilimshinda kutamka. Inspekta alimuuliza kama mzee huyo alikuwa mlevi, mgomvi, mwenye tamaa. Binti alijibu hapana mara tatu, na kila hapana ilimuuma.

"Sigara?"

"Aliacha kwa ajili ya sokwe. Moshi ukiganda kwenye nguo wanakimbia. Ndiyo akaanza kutafuna vijiti vya miti mibichi, wakampa jina. Hata kiberiti hagusi, mkewe ndiye anawasha jiko." Alikaza fundo la kanga. "Afande, nataka nimwone akifungwa. Nikishaona hilo, ndipo nitaweza kumlilia baba yangu."

 Inspekta alimpa pole kwa mara ya pili siku ile akaondoka.

Daktari wa wanyama alikuwa na ofisi yake nyuma ya stoo ya dawa, chumba chembamba chenye friji inayonguruma na mizani ya kupimia mbuzi. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye kusema haraka, na alionekana kusubiri mtu amuulize.

Ndiyo, alimjua Kijiti. Tarehe kumi na sita, Alhamisi, Kijiti alifika pale saa mbili asubuhi kufuata dawa. Alisubiri gari la dawa hadi saa saba mchana, akakaa kwenye benchi lile pale, hakwenda hata chooni.  Sokwe walikuwa wanaumwa mafua makali. Dume mmoja na watoto wawili walikwisha kufa, na Bibi alikuwa hajashuka mtini siku mbili.

"Polisi walikuja kukuuliza?"

"Hakuna aliyekuja."

Inspekta alichonga penseli juu ya meza ya daktari bila kuomba ruhusa. Ripoti ya maiti ilisema kifo kilitokea kati ya asubuhi na alasiri. Kama ni asubuhi, Kijiti hana kosa. Kama ni alasiri, hakuna wa kumtetea. Na mzee mwenyewe, mwenye shahidi wa saa tano nzima, hakulitaja benchi lile hata mara moja.

"Nani aliwaambukiza?"

 Daktari alisema hapendi kumsema marehemu. Ila mpiga picha naye alikuja kwake akikohoa, akaandikwa kwenye daftari la kambi, akazuiwa kuingia msituni. Kijiti ndiye aliyesimamia zuio hilo, na ndiyo sababu ya ule ugomvi. Inspekta aliomba daftari. Marehemu alianza kukohoa tarehe kumi na mbili. Sokwe wa kwanza kuonekana na kamasi: tarehe tisa.

Alisoma mistari hiyo miwili mara mbili. Mtu hawezi kuambukiza ugonjwa ambao bado hajaupata.

Njiani kurudi ndipo lilipomjia jambo la kiberiti, akajilaumu kwa sauti mpaka dereva akageuka. Mtu asiyegusa kiberiti miaka kumi na mmoja amekamatwa na kiberiti mfukoni. Kituoni alikwenda moja kwa moja kwa mtunza vielelezo, akatia saini, akapewa bahasha. Askari aliyempekua Kijiti alikuwa amekitikisa kiberiti kile, kikalia njiti, akaridhika. Inspekta alikifungua na kumwaga njiti mezani. Chini yake, kwenye kipande cha nailoni, ilikuwemo kadi ya kamera, ndogo kama ukucha wa dole gumba.

Aliichomeka kwenye kompyuta ya ofisi, akamwita sajini awe shahidi, na akaanza na za mwisho, kama alivyofundishwa.

Zilikuwa picha saba zilizopigwa kwa mfululizo, saa nne na dakika hamsini na mbili asubuhi, tarehe kumi na sita. Ya kwanza majani. Ya pili shina la mti limelala upande. Ya tatu mbingu. Ya nne mkono wa mzee, umeshika mzizi. Ya tano mkono ule ule, mzizi umekatika. Ya sita mbingu tena. Ya saba jiwe. Kidole kilikuwa kimekwama kwenye kitufe wakati mtu anaanguka, na kamera ikaandika kila kitu. Katika picha zote saba hakukuwa na mtu mwingine.

"Aliteleza," sajini alisema, akavua kofia.

Saa nne na dakika hamsini na mbili Kijiti alikuwa kwenye benchi la daktari wa wanyama. Kesi ilikuwa imekwisha, na Inspekta angeweza kuzima kompyuta akaenda kunywa chai. Lakini lile la tarehe tisa lilikuwa bado linamkereketa. Alirudi nyuma.

Kabla ya kuanguka, siku ile ile, marehemu alikuwa amempiga Bibi kwa lenzi ndefu, kutoka mbali kabisa. Kwa hiyo alitoroka zuio, akapita njia ya nyuma ya korongo asikoweza kuonekana, ili amwone mara ya mwisho, na bado aliheshimu umbali. Bibi alikuwa amelala chini, amekufa. Mtoto wake mdogo alikuwa amekaa juu ya tumbo lake, akimfungua mdomo kwa vidole.

Tarehe kumi na moja: nyuso za karibu, pua zote zinachuruzika. Tarehe tisa: dume wa sikio lililochanika, pua imelowa. Tarehe nne: pua kavu, macho maangavu, ukoo mzima umeshiba. Tarehe nne zilikuwepo picha thelathini, na ishirini na tisa zilifanana na zile za ukutani. Moja haikufanana. Bibi alipigwa kutoka juu kidogo, picha imetikisika, na macho yake hayakuwa mbele. Alikuwa anatazama pembeni, kwa utulivu, mahali ambapo mpiga picha wa miaka yote angekuwa amekaa kama kamera ingekuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Inspekta alirudi mahabusu. Safari hii hakuchukua faili. Alimwambia Kijiti kuwa kadi imepatikana, kwamba benchi la daktari linamtosha, na kwamba jioni ile ile atakuwa kwake. 

"Afande, umeziona zote?"

"Zote."

"Na ya tarehe nne?"

"Nani alikuwa na kamera?"

Kijiti alijifuta uso kwa kiganja. Ndipo akaongea, kwa sauti ya chini, maneno ya siku nne yakatoka kwa pamoja. Binti alikuja likizo. Miaka yote alikuwa akiomba apelekwe mara moja tu, na safari hii baba yake alishindwa kumnyima. Njiani Kijiti aliisikia sauti yake imekwama puani. Alitaka kumrudisha. Alijiambia ni vumbi la safari, kwa sababu alimwona alivyofurahi. Kule msituni aliona mengine pia, akanyamaza. Bibi alipoanza kukohoa, baba alijua, naye Kijiti alijua, wakakubaliana asiambiwe kamwe. Baada ya hapo baba akafa.

"Kwa hiyo ukaona bora ufungwe?"

"Kadi niliichomoa nilipomkuta korongoni, kuitupa nikashindwa, Bibi yumo. Nikiitoa nionekane sina kosa, na yeye ataiona. Akiniona mimi ndiye niliyemuua baba yake, atanichukia. Akichoka kuchukia atalala. Hili jingine halimpi usingizi, Afande. Mimi nalijua, maana ni langu pia."

 Inspekta alikuwa amehoji waongo wengi, karibu wote walidanganya ili watoke. Huyu alikuwa akidanganya ili abaki. Huruma ilimshika akashindwa kuificha. Alimwahidi kwamba kwenye faili zitaingia picha saba tu. Sheria haikuhitaji zaidi.

Ila sheria ilihitaji ndugu wa marehemu autambue ule mkono. Alasiri binti aliitwa kituoni. Inspekta alimweleza kwa upole kwamba baba yake hakuuawa, akamfungulia picha ya nne. Binti aliitazama, akagusa kioo cha kompyuta pale palipokuwa na kovu la kidole cha shahada.

"Ni Baba. Hilo ni la kisu cha kukatia fremu."

"Asante. Inatosha."

"Kwa hiyo Baba Mdogo hakufanya kitu." Alilitamka jina hilo, na baada ya siku nne machozi yakamtoka. "Nimemsema vibaya kwa kila mtu. Kwa nini alificha kadi?"

Inspekta alisema hilo linachunguzwa. Lilikuwa jibu baya na alilijua. Alinyoosha mkono afunge kompyuta, lakini binti alikuwa amekulia kwenye vitu hivi. Alikwisha kubonyeza kitufe cha kurudi nyuma, akipita haraka haraka, akitafuta baba yake kwenye picha alizozipiga. Akasimama. Akatabasamu huku bado analia.

"Hii niliipiga mimi."

"Nakuomba tuishie hapo," Inspekta alisema.

"Baba alinipa kamera yake mwenyewe, hajawahi kumpa mtu. Haionekani vizuri, lakini unaona, ni Bibi. Nilihangaika kweli. Nikipumua ndani ya barakoa, kile kijidirisha cha kamera kinaingia ukungu, sioni kitu. Ikabidi niishushe kidogo, mpaka kidevuni, dakika moja tu. Na nilikuwa na mafua kidogo niliyotoka nayo shuleni, watoto wale wananiambukiza kila..."

Sentensi haikufika mwisho. Alibonyeza kitufe cha mbele. Tarehe tisa. Tarehe kumi na moja. Alikuwa mtoto wa mpiga picha. Kusoma uso hakuhitaji kufundishwa na polisi. Alizipita moja moja, polepole, hadi kwa Bibi aliyelala chini na mtoto aliyekuwa akimfungua mdomo. Hapo alikaa.

"Baba alijua?"

Inspekta angeweza kusema hapana. Alikuwa amejiandaa kusema hapana tangu asubuhi. "Alijua," alisema.

Mlango ulifunguliwa, sajini akamwingiza Kijiti kutia saini hati ya kuachiwa. Mzee alitazama kompyuta, akamtazama binti, akaelewa. Hakusita hata kidogo.

"Usimsikilize Afande, mama. Mafua yalikuwa yangu. Nilikuwa nayo tangu mwanzo wa mwezi, nikamficha baba yako nisikose kazi. Waulize kambini." Alisema vizuri, macho makavu, na mtu asiyejua angeamini.

Binti hakubishana naye. Aliinuka, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akapiga goti kidogo kama alivyozoea kumsalimu.

"Baba Mdogo," alisema, "yule mtoto wa Bibi yuko hai?"

Kijiti alifungua mdomo. Siku nne alikuwa amewadanganya polisi, na sasa hivi alikuwa amemdanganya yeye mbele ya macho yake. Inspekta alimwona akitafuta uongo mwingine na kuukosa.

"Alikuwa bado ananyonya, mwanangu," mzee alisema. Kisha akaketi kwenye benchi karibu naye, na hati ikabaki mezani bila saini.